Wiki nyepesi ya mbeba magunia wa Mwaloni

Jumanne moja ya Oktoba, saa kumi na moja jioni, kijana mmoja aliingia chini ya chuma chenye kilo 115, akachuchumaa, akainuka. Ya pili akashuka nayo mpaka chini na akabaki huko huko. Vyuma vya pembeni vilidaka mzigo, naye akatoka kwa magoti kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Hakuumia. Lakini uzito ule ule, wiki mbili nyuma, alikuwa ameupiga mara 5 huku akitaniana na wenzake.

Nitamwita Kuli, maana ndivyo anavyojiita mwenyewe. Ana miaka 29, anabeba mizigo Mwaloni, lile soko la dagaa na samaki lililo ufukweni Kirumba, Mwanza, na jioni anakuja kwenye ukumbi wetu mdogo wa mazoezi usio mbali na hapo. Mimi ndiye kocha wake. Kisa chake kinahusu swali ninaloulizwa na karibu kila mgeni anayezoea vyuma: je, kuna haja ya kuacha, au kupunguza, kwa wiki nzima kila baada ya muda fulani? Nilikuwa na jibu langu la siku zote. Kwa Kuli jibu hilo lilifanya kazi miezi saba, halafu likakataa, na ilinichukua muda wa aibu kujua kwa nini.

Alianza Machi. Siku 4 kwa wiki, mbili za miguu na mgongo, mbili za kifua na mabega. Mpango ulikuwa wa kawaida kabisa: wiki 3 za kupanda, ya 4 nyepesi, kisha unaanza tena ukiwa juu kidogo. Wiki nyepesi si likizo. Mtu anakuja siku zake zile zile, ila anapiga nusu ya seti (yale mafungu ya kurudia zoezi), uzito unashuka kidogo, na kila seti anaiacha angali na nguvu za kurudia mara 4 au 5 zaidi. Kama wiki ya kawaida ni skwati, yaani kuchuchumaa na chuma begani, seti 4 za mara 5 kwa kilo 110, nyepesi ni seti 2 za mara 3 kwa kilo 95 au 100. Anaondoka hajalowa jasho sawasawa, anaona haya kidogo mbele ya wenzake, anakwenda kulala.

Mpango ulimkubali. Skwati ilitoka kilo 70 ikafika 115, dedi, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni, ikavuka 140, na kifua, ambacho mwanzoni kilikuwa dhaifu kuliko mgongo wake (wabeba mizigo wengi wako hivyo), kikafika kilo 80. Kila baada ya wiki nyepesi alirudi kama mtu aliyelala usingizi wa wiki. Nikaanza kumtolea mfano kwa wengine. Hapo ndipo nilipojiponza.

Ndipo ikaja ile Jumanne. Hapa kwetu mtu mzima akilegea ghafla, huanzi na daftari la mazoezi, unaanza na kidole. Nikamtuma akapime malaria, hakuna. Nikamwambia apime na kichocho, kwa sababu kazi yake ni kuingia ziwani hadi mapajani kupokea mzigo kwenye boti, na minyoo ya kichocho huingilia kwenye ngozi mtu akiwa majini. Kichocho cha ukanda huu wa ziwa hukaa zaidi kwenye mishipa ya damu ya matumbo. Mtu anaweza kuishi nacho muda mrefu akipungukiwa damu kidogo kidogo, anadhani ni uvivu. Choo kilikuwa safi, damu ilikuwa ya kutosha. Nasema haya upesi kwa sababu majibu yalikuwa mazuri, lakini ningekuwa na mteja mwingine kesho mwenye dalili hizo hizo ningeanza pale pale.

Chakula nacho hakikuwa na tatizo. Ugali wa muhogo, maharage, mayai, sangara siku za fedha na mapanki (mifupa ya sangara iliyotolewa minofu) siku za ukata, asubuhi matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai ya maziwa. Dagaa tu ndiyo hataki. Ukishinda unabeba kitu siku nzima, anasema, huna hamu ya kukikuta tena sahanini.

Basi nikabaki na hukumu moja: amechoka na vyuma. Wiki nyepesi haitoshi, apumzike kabisa, siku 7, asiguse chuma hata kimoja.

Alinitazama kama niliyemwambia auze kitanda. "Kocha, misuli si itayeyuka?"

Hofu hii naikuta kwa karibu kila anayependa vyuma, na inastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kejeli. Mwaka 2011 watafiti wa Alabama, Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu walifanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 16, kisha baadhi yao wakapunguziwa mpaka theluthi moja, wengine mpaka sehemu moja ya tisa ya kazi waliyokuwa wakifanya, kwa wiki 32. Vijana wa miaka 20 hadi 35 walihifadhi walichokijenga hata kwa ile moja ya tisa. Wazee wa miaka 60 na kuendelea ndio waliopungua ukubwa wa misuli. Huko Ufini nako watu waliacha kabisa kwa wiki 10 katikati ya mazoezi, wakarudi kwa wiki 10 nyingine, na mwishoni walikuwa karibu sawa na wenzao waliopiga wiki 20 mfululizo. Wiki moja kwa kijana wa miaka 29 si kitu. Nikamweleza hayo kwa lugha ya ukumbini, akaridhika nusu nusu, akaenda.

Jumatatu iliyofuata akarudi. "Shikamoo kocha." Marahaba, habari za mapumziko? Akacheka kicheko cha upande mmoja. Nikampa kilo 100, zile za kupashia mwili. Ya tatu ilimtetemesha magoti. Kiwiko cha kulia kilikuwa kinauma kwa ndani. Alikuwa akijipima mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kama nilivyomfundisha, na yalikuwa yamepanda kutoka 58 hadi 69. Kwa kifupi, mtu aliyepumzika wiki nzima alirudi amechoka kuliko alivyoondoka.

Nikiri kwamba siku ile nilifikiri vibaya juu yake. Nilidhani ana pombe, au ana mahali pengine anapopiga chuma kwa siri. Kumbe jibu nilikuwa nalo mezani, kwenye daftari lake, ila sikulisoma vizuri. Skwati ilikuwa imeshuka. Dedi imeshuka. Kubeba vyuma mikononi na kutembea navyo, kulikokuwa mchezo wake, kumeshuka sana. Benchi, lile zoezi la kifua la kusukuma chuma ukiwa umelala chali, ilikuwa palepale: kilo 80, mara 5, safi kabisa, hata ile Jumatatu mbaya. Uchovu wa mwili mzima, au homa, ungeondoka na kifua pia. Huu ulichagua miguu, mgongo, shingo na viganja. Mwenye macho angeuliza papo hapo ni kazi gani inayotumia miguu, mgongo, shingo na viganja na haitumii kifua. Nilikuwa nimekaa na mbeba magunia na sikuuliza.

Aliyeuliza alikuwa yeye. "Labda ni giza hili," alisema huku akifunga kamba za viatu.

Nikadhani anaongelea umeme. Akanieleza kwa subira, kama unavyomweleza mtu wa bara. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola na betri. Taa inawakusanya dagaa juu ya maji, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, na boti nyingi hukaa nchi kavu kwa karibu wiki moja au zaidi, watu wakishona nyavu na kunywa. Giza likirudi, boti zinatoka, dagaa wanaanikwa huko visiwani siku moja mbili kutegemea jua, wanafungwa kwenye magunia, na mzigo unashuka Mwaloni. Hivyo kazi yake ina majira yake ndani ya kila mwezi, na majira hayo yanachelewa siku chache nyuma ya mwezi wa angani.

Halafu akatoa mfukoni daftari dogo. Analipwa kwa gunia, na msimamizi huwa na kumbukumbu fupi jioni, kwa hiyo kila siku anaandika idadi. Nikaliweka kando ya daftari la mazoezi, tukakaa kwenye benchi kama wahasibu. Siku za mbalamwezi magunia yalikuwa 15, 20, siku nyingine hakuna kabisa. Siku za giza yalipanda hadi 90 na zaidi, kila moja likibebwa begani kutoka kwenye boti, juu ya ubao unaocheza, kupanda ufukwe hadi ghalani. Mengine yalikuwa yamefungwa rumbesa. Anaanza saa kumi alfajiri.

Na ile wiki yangu ya mapumziko? Ilikuwa katikati ya giza. Zaidi ya hapo, kwa kuwa jioni alikuwa hana pa kwenda, alikubali zamu ya kupakia malori ya mzigo unaosafirishwa nje. Wiki niliyoiandika kwa wino mwekundu PUMZIKA ndiyo iliyokuwa na magunia mengi kuliko zote tangu Machi.

Hilo lilieleza Jumatatu mbaya. Halikueleza kwa nini mpango ulifanya kazi miezi saba kabla. Alikuwa akibeba magunia hata Aprili, hata Juni. Hapa nilikaa na kalenda usiku, na jibu lilikuwa hesabu ya darasa la tano. Mpango wangu ni wa siku 28. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Kila mzunguko, wiki yangu nyepesi ilikuwa inatangulia mwezi kwa siku moja na nusu. Machi, kwa bahati tu, wiki nyepesi iliangukia kwenye kilele cha magunia. Mwili ulikuwa unashinda kwenye mzigo wa kazi, na jioni mimi, bila kujua, nilikuwa namwondolea mzigo wa chuma. Baada ya mizunguko 8 ilikuwa imesogea siku 12. Oktoba wiki nyepesi ilikuwa imekaa kwenye mbalamwezi, wakati kuli hana kazi, na wiki zote nzito zilikuwa zimelaliana na giza lote. Sifa ya miezi saba niliyojipa ilikuwa ya mwezi.

Tukapanga upya, na safari hii kwa daftari dogo. Kalenda ya ukutani tukaiacha. Wazo la kwanza la watu wengi, na langu pia, lingekuwa kupumzisha vyote pamoja: mbalamwezi kazi hakuna, basi na chuma kipumzike, mwili upate nafuu kamili. Linavutia, lakini lina kasoro mbili. Kwanza linamwacha apande kwa chuma katika siku zile zile ambazo magunia yanamkamua. Pili linapoteza siku pekee ambazo mgongo wake uko mbichi. Mazoezi huacha vitu viwili mwilini, uwezo na uchovu. Uchovu ni mwingi lakini huisha upesi, uwezo hujengeka taratibu lakini hukaa. Wiki nyepesi kazi yake ni kuuacha uchovu uishe ili uwezo uonekane. Kwa Kuli, mbalamwezi tayari ni wiki nyepesi, imeandikwa na ziwa lenyewe. Kumwongezea nyingine ya chuma juu yake ni kumpumzisha aliyekwisha kupumzika.

Kwa hiyo tukafanya kinyume. Siku za mbalamwezi, pamoja na zile chache zinazofuata kabla mzigo haujafika, ndizo za skwati na dedi nzito. Magunia yakianza kupita 50 kwa siku, seti za miguu na mgongo zinakatwa nusu. Yakipita 80, skwati ni seti 2 za mara 3, dedi hakuna, kubeba vyuma na kutembea hakuna kabisa maana ameshatembea nayo tangu alfajiri. Kifua na mabega vinaendelea kama kawaida, kwa sababu gunia halivigusi sana, na vinapata wiki yao nyepesi kivyake kila baada ya wiki 6. Gunia ndilo linalolisha nyumba, chuma ndicho kinachopaswa kupisha.

Mzee mmoja hapo ukumbini, anayepiga chuma tangu enzi za uzito wa saruji iliyomiminwa kwenye makopo, hakupendezwa. Anasema wiki nyepesi ni kitu cha watu wenye muda. Yeye hajawahi kupanga hata moja. Sikumbishia sana, kwa sababu ana upande wa haki. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa New York ambamo watu waliozoea vyuma walifanya mazoezi wiki 9. Kundi moja liliendelea moja kwa moja, lingine likaacha kabisa wiki moja katikati. Misuli ilikua sawa kwa makundi yote mawili. Nguvu za miguu zikawa bora kidogo kwa walioendelea. Yaani wiki ya kuacha kabisa haikuwapa faida, na iliwagharimu kidogo. Wanaoshindana kwa nguvu na miili, walipoulizwa, walisema hupunguza mzigo kwa siku 6 hivi, kila baada ya wiki 5 au 6. Lakini hao huwa wanapunguza, si kuacha, na wanafanya kazi nyingi mno ukumbini.

Isitoshe yule mzee anapiga siku 3 kwa wiki, na kila mwezi ana msiba Magu, au harusi Sengerema, au mjukuu wa kupeleka hospitali. Wiki zake nyepesi zipo, ila hazipangi yeye. Karani anayekaa kwenye kiti siku nzima na kuja kwangu mara 2 au 3 simwandikii wiki nyepesi hata akiniomba. Nasubiri mwili wake useme: uzito umekwama au umeshuka vipindi viwili vitatu mfululizo, usingizi umeharibika, kiungo kinauma kwa namna ile ile kila akishika chuma. Anayepiga siku 5 na kusukuma kila seti mpaka mwisho, huyo sisubiri. Kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, huimarika polepole kuliko msuli, na mara nyingi ndizo zinazodai fidia wakati misuli bado inajisifu.

Ambaye sikuwa na kanuni yake ni mtu mwenye mizigo miwili. Fundi anayechanganya zege siku nzima. Mama anayesukuma mkokoteni wa maji kutoka bombani. Mvuta nyavu. Kila mpango wa mazoezi niliousoma unahesabu kilo zilizo kwenye chuma tu, kana kwamba mtu huyo anafika ukumbini akitokea kitandani. Sasa mgeni akija namuuliza kazi yake kabla ya uzito wake, na namuuliza kazi hiyo huwa nzito lini. Wengi hawajui kujibu. Anayelipwa kwa idadi hujibu bila kusita.

Desemba Kuli alirudi kwenye kilo 115 mara 5. Februari alipiga 122.5. Mapigo ya asubuhi yalishuka hadi 60, na wakati wa giza hupanda mpaka 64 hivi, yanashuka tena yenyewe. Kiwiko hakikupona upesi. Kilichukua miezi mitatu, na sidhani mpango mpya peke yake ndio uliokiponya. Tulibadilisha pia jinsi anavyoshika chuma, na mkewe alimlazimisha kulala saa tatu usiku, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisema mara kumi bila kusikilizwa.

Sasa kuna jambo jipya. Mwishoni mwa Machi alipewa kazi ya kuhesabu magunia badala ya kuyabeba. Anasimama ghalani na kalamu, shati safi. Giza linakuja na kuondoka, mgongo wake haujui tofauti. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba miguu inamwasha kwa kukosa kazi, nikamwongezea siku ya tano. Zimepita wiki 7 mfululizo za kupanda, bila hata moja nyepesi. Jana alipiga skwati kilo 130 mara 5, akaweka chuma chini, akaniuliza mwezi mpevu ni lini, kwa mazoea tu. Bado sijamwandikia.